Roketi ya Mikono Yetu (3): Aliye Juu Mngoje Chini

Toleo lililopita tuliiacha roketi yetu imesimama kwenye reli yake: bomba la karatasi ngumu lenye kipenyo cha sentimita 10, mapezi matatu ya plaiwudi yaliyoshikwa kwa epoksi, na mota ya daraja la J tumboni. Tulikwisha kuona kwamba kila herufi ina uwezo maradufu wa ile iliyoitangulia, na kwamba J huanzia nyutoni-sekunde 640 hadi 1,280. Tuliona pia, kwa hesabu ambazo James Barrowman wa NASA aliwapatia wapenda roketi mwaka 1966, kwamba kitovu cha uzito kimekaa mbele ya kitovu cha hewa kwa zaidi ya kipenyo kimoja cha bomba. Kwa hiyo itakwenda wima, haitapinduka. Leo tunaiwasha.

Mota itaungua sekunde mbili, pengine tatu. Kisha roketi itaendelea kupaa kwa mwendo iliokwisha kuupata, ikivutwa nyuma na uzito wake na kusuguliwa na hewa, mpaka ifike kilomita moja na nusu hivi na mwendo uishe. Yote hayo hayafiki sekunde 20. Wanaotazama watapiga makofi, nao wana haki. Lakini mjenzi atakuwa amekaza macho, kimya, kwa sababu kitu cha kilo 3 kimening'inia juu ya uwanja wenye watu, na sasa lazima kishuke.

Mchezo huu tangu asili yake ni mchezo wa kurudi. Orville Carlisle, mwenye duka la viatu katika mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, alikuwa mpenzi wa baruti na fataki. Mwaka 1954 aliunda roketi ndogo ya karatasi yenye mota inayobadilishwa na parachuti ndani yake, na hataza yake ikatolewa mwaka 1958. Roketi za karatasi zilikuwako kwa karne nyingi kabla yake. Fataki ni nini kama si hizo? Jipya lilikuwa kwamba hii ilishuka taratibu, ikaokotwa, ikatiwa mota nyingine, ikaruka tena.

Msomaji wa Malindi ameniuliza kama roketi hizi zina undugu na zile zilizorushwa zamani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na kwao. Undugu upo katika fueli. Scout, iliyobeba setelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ilikuwa roketi ya fueli yabisi, kama mota yetu. Ila Scout haikukusudiwa kurudi. Kila kipande chake kilitupwa baada ya kumaliza zamu yake. Yetu hairuhusiwi anasa hiyo. Vyama viwili vinavyosimamia mchezo huu Marekani, NAR na Tripoli, hutoa vyeti vya ngazi tatu: ya kwanza kwa mota za H na I, ya pili kwa J, K na L, ya tatu kwa M, N na O. Katika ngazi zote, roketi iliyopaa vizuri ikaanguka ikavunjika haimpi mwenyewe cheti. Ni lazima aipeleke mbele ya mkaguzi ikiwa katika hali ya kuweza kuruka tena.

Basi tufunge parachuti kubwa, tumalize? Hapo ndipo hesabu inapokataa. Ili kilo 3 ziguse ardhi kwa mita 6 kwa sekunde, mwendo ambao mapezi ya plaiwudi huuvumilia, tunahitaji parachuti ya duara yenye kipenyo cha karibu mita moja na nusu. Tukiifungua kileleni, kwenye mita 1,500, roketi itaelea sekunde 250. Upepo wa mita 6 kwa sekunde, ambao kwa mtu aliyesimama chini ni wa kawaida tu, utaichukua kilomita moja na nusu: kuvuka barabara, kuvuka ua wa jirani, mpaka kwenye miti.

Dawa yake ni kushuka kwa awamu mbili. Kileleni roketi inakatika katikati na kutoa parachuti ndogo, yenye upana wa sentimita 37 hivi. Ukigawa kipenyo kwa nne, mwendo unazidi mara nne. Kwa hiyo itashuka kwa takriban mita 24 kwa sekunde, haraka lakini kwa adabu. Ikifika mita 200 kutoka ardhini, ndipo ile kubwa inapofunguka. Safari nzima ya kushuka inakuwa chini ya sekunde 90, na upepo uleule unaisogeza nusu kilomita tu. Hiyo unaiendea kwa miguu.

Anayeamua lini ni altimita, kibao cha sakiti kinachotoshea kiganjani. Hupima kanieneo ya hewa, ambayo kwenye mita 1,500 huwa imepungua kwa karibu sehemu moja ya sita ya ile ya usawa wa bahari. Kanieneo ikiacha kushuka na kuanza kupanda, kibao kinajua kilele kimepita. Hupeleka umeme kwenye kiberiti kidogo kilichozikwa ndani ya gramu moja au mbili za baruti, na gesi yake ndiyo inayosukuma nusu mbili za bomba zikaachana. Ndiyo maana chumba cha altimita hutobolewa matundu madogo ubavuni. Usipoyatoboa, kibao kitasoma hewa iliyofungiwa na kuamini kwamba bado kipo ardhini.

Nusu hizo hubaki zimeunganishwa kwa utepe wa nailoni au Kevlar wenye urefu wa mara tatu hadi tano ya roketi, ili mshtuko uishie kwenye utepe kabla haujafika kwenye gundi. Skrubu mbili tatu za nailoni, nyembamba kama kijiti cha kiberiti, huzuia bomba lisiachane kabla ya wakati, na baruti huzikata. Je, gramu moja inatosha kuzikata? Hili halijibiwi kwa kukisia. Roketi hulazwa uani bila mota, watu wote wakae mbali, na baruti iwashwe kutoka upande wa pili wa waya mrefu. Jaribio langu la kwanza lilitoa moshi na mlio tu. Bomba halikuachana, kwa sababu nilikuwa nimepaka rangi mpaka ndani ya kiungio. Nililipiga msasa jioni nzima. Jaribio la pili liliurusha utepe mpaka ukanyooka wote.

Hata hivyo roketi hiyo ya kwanza nikaipoteza. Ilikuwa kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, Marekani, asubuhi isiyo na wingu. Ilipanda kama mkuki, ikageuza pua, na hakuna kilichofunguka. Roketi ya aina hii isiyofungua parachuti hushuka kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na sauti yake ni mluzi ambao ukiusikia mara moja unatosha. Iliingia ardhini mpaka kwenye mapezi. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa watu walisimamishwa mbali kama kanuni inavyotaka. Nilichimba kwa koleo la kuazima, nikakuta baruti yote salama, haijaguswa. Betri ndiyo iliyochomoka. Ina gramu 45; roketi inapoondoka kwa mchapuko mara kumi ya ule wa mvutano wa dunia, betri hiyo huvuta kifungo chake kama kitu cha karibu nusu kilo. Mimi nilikuwa nimeishikiza kwa utepe wa gundi.

Tangu siku ile naweka altimita mbili, kila moja na betri yake, kiberiti chake na baruti yake, ya pili ikichelewa sekunde moja. Betri nazifunga kwa vifungo vya plastiki, navuta kwa nguvu, naongeza kingine. Ngazi ya tatu hulazimisha mifumo miwili, na mimi naona ingefaa ilazimishwe tangu ya pili. Steve Eves wa Ohio aliporusha nakala ya moja kwa kumi ya roketi ya Saturn V huko Maryland, tarehe 25 Aprili 2009, yenye urefu wa mita 11 na uzito wa karibu kilo 750, picha niliyoihifadhi mimi ni ile inayoionyesha ikishuka chini ya maparachuti yake.

Roketi yangu ya pili niliikuta nyasini, parachuti kubwa ikipumua kwa upepo. Altimita nyingi hutangaza kilele kwa milio, tarakimu baada ya tarakimu, hadi uzizime. Nilichuchumaa nikategea sikio ubavuni: milio minne, kimya, minane, kimya, mmoja, kimya, miwili. Futi 4,812. Nikaiacha ihesabu tena kabla ya kugusa swichi.