Je, Wajua? Watazamaji wa Serengeti Wasiotoka Nyumbani Kwao

Je, wajua ya kuwa katika mbuga ya Serengeti, nchini Tanzania, zilifungwa kamera 225 zilizopiga picha zenyewe kila mnyama alipokatiza mbele yake, na kwamba baina ya mwaka 2010 na 2013 zikakusanya mafungu milioni 1.2 ya picha, shehena ambayo wataalamu wachache waliozitega wasingepata wasaa wa kuitazama yote? Basi picha zile zikatiwa katika intaneti, na watu zaidi ya 28,000 wakajitolea kuzikagua bila ujira, kila mmoja akieleza alichokiona: huyu nyumbu, yule swala, hapa pana majani tu yaliyotikiswa na upepo. Majani, kwa hakika, ndiyo yaliyokithiri. Lakini nadhani hapo ndipo ilipo ladha yake, kwani mtu aliyekwisha kuvumilia picha arobaini tupu, kisha ghafla ikamtokea pua ya fisi imejaa kiooni, karibu kuitafuna kamera, hana budi kumwita jirani aje kutazama. Kicheche na muhanga, viumbe wa usiku waonekanao kwa nadra, nao walinaswa humo. Wala isidhaniwe kazi ile ilikuwa ya kubahatisha, maana kila picha yenye mnyama ilipitia kwa watazamaji wengi, aghalabu kumi au zaidi, na jawabu lao lilipolinganishwa na hukumu ya mabingwa, jina la mnyama lilikuwa sahihi takriban mara 97 katika kila 100.