Kwa Nini Chuma?

Tulipokuwa watoto tulipenda kukaa kwa mhunzi tukitazama cheche. Alifua majembe na visu kutokana na springi za magari mabovu, mivukuto ikihema, na sisi tukingoja kufukuzwa. Siku moja mwenzetu alikuja na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa. Akaifunga kwenye ncha ya fimbo, akaisogeza hadi kwenye kipande cha chuma kilichotoka motoni muda huohuo, chekundu cha kung'aa. Haikushika. Akaigusisha kabisa, wapi. Kisha chuma kikaanza kupoa, wekundu ukafifia, na kabla haujaisha sumaku ikakinasa kwa kishindo. Mhunzi alisema chuma kikilewa moto hakimtambui hata ndugu yake.

Jibu lile lilitutosha kwa siku ile. Miaka mingi baadaye, nikisoma fizikia, nilikutana tena na chuma mahali ambapo sikukitegemea: katika sura inayoeleza kwa nini jua linawaka na kwa nini urani inatoa nishati. Vitabu huweka sumaku mwanzoni na nyuklia mwishoni, kana kwamba hazijuani. Lakini metali ni ileile, na swali la kuuliza ni lilelile: kwa nini chuma?

Tuanze na sumaku. Kila elektroni, kwa asili yake, ni sumaku ndogo. Katika shaba, dhahabu na vitu vingi vinavyotuzunguka, elektroni hukaa wawili wawili, mmoja ameelekea juu na mwenzake chini, hivyo usumaku wao unafutana. Atomu ya chuma ina elektroni 26, na nne kati yake hubaki bila wenza. Mtu anaweza kudhani fumbo limekwisha hapo. Halijaisha, kwa sababu atomu ya manganizi ina elektroni tano zisizo na wenza, na bado manganizi haishiki sumaku. Kuwa na elektroni pweke hakutoshi. Lazima pawe na kitu kinachozifanya elektroni za atomu jirani zielekee upande mmoja, mamilioni kwa mamilioni.

Kitu hicho si usumaku wenyewe. Mvutano wa sumaku kati ya atomu moja na jirani yake ni dhaifu mno. Joto la kawaida la chumba lingeuvuruga mara moja. Mwaka 1928 Werner Heisenberg alionyesha kwamba kinachofanya kazi ni msukumano wa umeme pamoja na sheria ya ajabu ya kwantamu: elektroni mbili zenye mwelekeo mmoja haziwezi kukaa mahali pamoja, kwa hiyo hukwepana zaidi kuliko zenye mielekeo tofauti. Zikikwepana, zinasukumana kidogo, na hali hiyo inagharimu nishati ndogo. Katika chuma, kobalti na nikeli, unafuu huo ndio unaoshinda. Elektroni zinakubaliana kwa sababu kukubaliana ni nafuu.

Sasa moto. Kadiri chuma kinavyopata joto, atomu zake hutetemeka zaidi, na mtetemo huo hupigana na makubaliano. Kwenye nyuzi 770 za Selsiasi mtetemo unashinda. Pierre Curie alipima jambo hili kwa uangalifu mkubwa na kuliandika katika tasnifu yake ya mwaka 1895, na hadi leo kiwango hicho cha joto kinaitwa kwa jina lake. Chuma cha mhunzi wetu kilikuwa kimevuka nyuzi hizo, basi. Kiliposhuka chini yake, makubaliano yakarudi. Miaka mitatu baada ya tasnifu ile, mtu huyohuyo, pamoja na mkewe Marie, aligundua radiamu. Mkono uliopima sumaku ndio uliogonga mlango wa nyuklia.

Kuna jambo moja kuhusu sumaku ambalo ningependa lifundishwe mapema zaidi shuleni. Niels Bohr mwaka 1911, na Hendrika van Leeuwen mwaka 1919, walithibitisha kwa hesabu kwamba fizikia ya zamani, ile ya Newton na wenzake, ikifuatwa hadi mwisho, inatoa jibu la sifuri: sumaku haiwezi kuwepo. Na ipo. Kwa hiyo huhitaji maabara ya mabilioni ili kushika ushahidi wa fizikia ya kisasa. Kipande kilichomo ndani ya spika mbovu kinatosha.

Jaribu pia jikoni. Kusanya vijiko vyako visivyoshika kutu, upitishe sumaku. Vingine vitanasa, vingine havitajali kabisa, ingawa vyote kwa sehemu kubwa ni chuma. Vile visivyojali vimechanganywa na nikeli ya kutosha kubadili jinsi atomu zilivyopangana, na mpangilio ukibadilika makubaliano ya elektroni nayo huvunjika. Na ukivunja sumaku katikati, hupati ncha ya kaskazini mkono mmoja na ya kusini mkono mwingine. Unapata sumaku mbili kamili. Ukiendelea kuvunja hadi elektroni moja, nayo ina ncha zote mbili. Paul Dirac alieleza mwaka 1931 kwamba nadharia inaruhusu ncha iliyo peke yake, na tangu hapo wanasayansi wameitafuta katika miamba na katika mitambo mikubwa bila kuipata.

Hapo msomaji makini anaweza kunikamata. Kitovu cha Dunia, kinachoongoza dira ya kila nahodha, ni cha chuma, na joto lake linapita nyuzi 4,000. Chuma cha moto namna ile kingewezaje kuwa sumaku, ikiwa kile cha mhunzi kilishindwa kwenye 770? Haiwezekani, na kwa kweli kitovu cha Dunia si sumaku ya namna ile ya spika. Kuanzia kina cha kilomita 2,900 hivi kuna bahari ya chuma kilichoyeyuka, kinachozunguka, kupanda na kushuka polepole. Chuma hicho hupitisha umeme, na mwendo wake ndani ya uga wa sumaku uliopo huzalisha mikondo ya umeme, ambayo nayo huulisha uga huo usife. Ni dainamo, ndugu wa ile ya baiskeli. Uwezo wake wa kupitisha umeme ndio unaofanya kazi pale, wala si elektroni zake nne.

Mpaka sasa tumezungumzia elektroni, yaani ua wa nje wa atomu. Tuingie ndani. Ikiwa atomu ya chuma ingekuwa na ukubwa wa Uwanja wa Benjamin Mkapa, majukwaa na yote, kiini chake kingekuwa punje ya mahindi iliyowekwa katikati ya duara la kuanzia mpira. Na karibu uzito wote wa uwanja ungekuwa ndani ya punje ile.

Ndani ya punje kuna protoni 26 na nyutroni 30. Protoni zote zina chaji chanya, na chaji zinazofanana husukumana, tena kwa ukali zaidi zinapokaribiana. Zimebanwa pamoja kuliko chochote tunachokijua mitaani. Mbona hazilipuki? Kwa sababu kuna kani nyingine, kali kuliko ile ya umeme, inayoshika protoni na nyutroni bila kubagua. Ubaya wake ni kwamba mkono wake ni mfupi. Inamshika jirani mliyegusana ukuta kwa ukuta, na haifiki nyumba ya tatu. Ule msukumano wa umeme hauna mpaka huo. Protoni moja humsukuma kila protoni mwenzake ndani ya kiini, wa karibu na wa mbali.

Katika tofauti hiyo ndogo imo habari yote ya nishati ya nyuklia. Kiini kidogo kikiongeza wakazi, kila mmoja hupata majirani zaidi wa kumshika, na kiini kinaimarika. Lakini kikizidi kukua, majirani wa kila mkazi hawaongezeki tena, huku wanaosukumana wakiongezeka kila siku. Kuna mahali fulani katikati ambapo mshiko unakuwa imara kuliko kote. Mahali hapo ni kwenye chuma. (Aina moja ya nikeli hukizidi kwa unywele tu.)

Mshiko huo hupimika kwenye mizani. Pima protoni 26 moja moja, pima nyutroni 30 moja moja, ujumlishe. Kisha pima kiini cha chuma kilichokamilika. Hesabu hazitalingana: kiini ni chepesi kwa karibu asilimia 1. Hakuna kilichoibwa. Wakazi walipoungana walitoa nishati, na nishati hiyo ina uzito wake, kama Einstein alivyosema mwaka 1905. Ukitaka kuwatenganisha tena itakubidi uirudishe yote.

Fikiria basi bonde lenye chuma chini kabisa. Kwenye mteremko mmoja juu wamesimama wepesi, haidrojeni na heli. Kwenye mwingine wamesimama wazito, urani na wenzake. Kila anayeteremka hutoa nishati. Wepesi huteremka kwa kuungana, na ndivyo jua linavyofanya: kila sekunde linapoteza tani zipatazo milioni 4 za uzito wake kwa njia ya mwanga na joto. Wazito huteremka kwa kupasuka. Chuma hakina pa kuteremkia. Ukikipasua unalipa, ukikiunganisha unalipa.

Nyota kubwa hulipa kwa uhai wao. Nyota yenye uzito wa jua letu mara kumi au zaidi huchoma haidrojeni, kisha heli, kisha kaboni, kisha oksijeni, mwisho silikoni, na hatua hiyo ya mwisho huchukua muda wa siku chache tu. Majivu yake ni nikeli ambayo baadaye hugeuka kuwa chuma. Kitovu kikishajaa majivu hayo hakuna moto tena wa kubeba uzito wa nyota, na kitovu hujikunja ndani katika muda usiofika sekunde moja. Mwezi Februari 1987 mlipuko wa namna hiyo ulionekana kwa macho matupu katika anga la kusini. Wanafalaki waliufuatilia ukififia, na kutokana na jinsi mwanga ulivyopungua waliweza kuhesabu chuma kilichozaliwa: zaidi ya mara 20,000 ya uzito wa Dunia nzima. Mwilini mwa mtu mzima mna gramu tatu au nne za chuma, nyingi ndani ya damu, na chuma hicho kilitoka kwenye milipuko ya nyota.

Urani imetoka wapi, kama kupanda zaidi ya chuma ni hasara? Imetoka kwenye misiba mikubwa zaidi, kama vile kugongana kwa nyota za nyutroni, ambako nishati ni nyingi kiasi cha kusukuma viini juu ya mteremko kwa nguvu. Kwa hiyo kinu cha nyuklia hakiumbi nishati. Kinafungua akiba iliyowekwa kabla Dunia haijakuwepo. Kilo moja ya urani-235, aina ya urani inayopasuka kwa urahisi, ikipasuka yote hutoa joto sawa na kuchoma zaidi ya tani 2,500 za makaa ya mawe, na uzito unaopotea haufiki gramu moja.

Watu wa Ruvuma, ambako kuna urani kando ya Mto Mkuju wilayani Namtumbo, wana haki ya kuuliza swali ambalo wataalamu huliona la kitoto: je, jiwe lile linaweza kujiwasha lenyewe ardhini? Si la kitoto hata kidogo. Jambo hilo limewahi kutokea, tena barani Afrika.

Mwezi Juni 1972, katika kiwanda cha urani cha Pierrelatte nchini Ufaransa, wapimaji waliona kasoro ndogo. Urani ya asili ina asilimia 0.720 ya aina ya 235, ile inayopasuka kwa urahisi, popote unapoichimba. Urani waliyoipima ilikuwa na 0.717. Wakafuatilia hadi kwenye mgodi wa Oklo nchini Gabon, na huko wakakuta sehemu zenye 0.44 tu. Kuna kitu kilikuwa kimeichoma. Katika miamba ileile walikuta masalia ya viini vilivyopasuka, kama majivu jikoni.

Miaka karibu bilioni 2 iliyopita, mwamba wa Oklo ulikuwa kinu cha nyuklia. Kilichokiwezesha kilikuwa maji. Kiini cha urani kikipasuka hutoa nyutroni mbili au tatu zenye kasi kubwa mno, na nyutroni ya kasi hupita bila kupasua kiini kinachofuata. Inabidi ipunguzwe mwendo. Mtoto anayecheza gololi anajua namna: gololi ikigonga jiwe kubwa hurudi na kasi yake, ikigonga gololi ya saizi yake humwachia mwenzake mwendo wote. Kiini cha haidrojeni kilichomo ndani ya maji kina uzito karibu sawa na nyutroni, kwa hiyo ndicho gololi ya saizi yake. Maji yalipopenya kwenye mwamba, moto uliwaka. Moto ulipozidi, maji yaligeuka mvuke na kutoka, nao ukazima. Mwamba ukapoa, maji yakarudi. Gesi ya zenoni iliyonaswa ndani ya chembe za madini inaonyesha mapigo yake: kama nusu saa kuwaka, saa mbili na nusu kupumzika, kwa maelfu na maelfu ya miaka. Joto lake kwa wastani lilikuwa kama la pasi mia moja za umeme.

Leo haiwezi kutokea tena, pale Oklo wala Namtumbo. Urani-235 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka milioni 704, na wakati wa Oklo ilikuwa asilimia 3 na zaidi ya urani yote, kiasi kinachokaribia kile ambacho vinu vingi vya leo huandaliwa viwandani. Sasa imebaki asilimia 0.72, na maji ya kawaida hayawezi kuiwasha. Jiwe la Namtumbo halitalipuka. Hatari yake ni vumbi, na gesi ya radoni ambayo mchimbaji huivuta bila kuiona wala kuinusa. Hapo ndipo wakaguzi, viongozi na wananchi wa Ruvuma wanapaswa kuelekeza macho yao, na wasikubali kujibiwa nusu nusu.