Nyasi za Kinango na Mikoko ya Mombasa



Ukiingia nyumba ya zamani katika Mji wa Kale, hebu inua macho utazame dari. Utaona boriti zimepangwa karibu karibu, na juu yake mawe na chokaa. Boriti hizo ni mikoko. Mafundi wa zamani walikata chumba kwa kadiri ya urefu wa boriti, ndiyo sababu vyumba vile ni virefu lakini vyembamba.

Je, miti yenyewe iko wapi? Imezunguka kisiwa chetu, katika hori la Tudor na hori la Port Reitz, hadi pale mto Mwache unapoingia baharini. Ikipungua, sisi hulaumu shoka. Kweli shoka limefanya kazi yake, hata serikali ikapiga marufuku kuuza boriti nchi za nje mwaka 1982. Lakini baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, kule Mwache miti mingi ilikufa imesimama, bila alama ya panga. Iliuawa na tope.

Tuangalie ilivyokuwa. Mti kama mchu hutoa mizizi ya kupumulia, midogo kama penseli, inayochomoza juu ya matope. Tope likija kwa wingi mizizi hiyo huzikwa, na mti hukosa hewa. Haufi siku hiyo hiyo. Hunyauka polepole, na watu wakafikiri ni ugonjwa.

Johnson Kitheka, mtaalamu wa maji aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, alichunguza hori hilo la Mwache. Mwaka 2002 yeye na wenzake, Ongwenyi na Mavuti, walichapisha katika jarida la Ambio jinsi tope linavyoletwa na mto, kisha likasukumwa huku na huku na maji yakijaa na kupwa.

Tope hilo ni shamba la mtu. Mto Mwache hutoka bara, sehemu za Kinango, nchi ya mifugo na mahindi. Kiangazi kikiwa kirefu, ng'ombe na mbuzi hula nyasi mpaka mzizi, na wengine huchoma makaa ili wapate unga. Siwalaumu, mtu na njaa yake. Halafu mvua kubwa huikuta ardhi iko uchi. Wataalamu wanasema dunia inapopata joto, ukame na mvua za gharika vyote huzidi makali, kwa hiyo shida hii haitaondoka yenyewe.

Nami nina langu la kukiri. Miaka michache iliyopita nilisaidia kikundi kimoja cha akina mama kupanda miche ya mikoko. Nilijua kuhesabu miche tu, na ripoti yangu ilipendeza sana! Mvua za masika zilizofuata, tope likafunika yote. Mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hili tope latoka wapi?" Swali hilo ningeliuliza mimi kabla ya kupanda.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda, chomekeni vijiti matopeni, kila kimoja na alama pale tope linapoishia, na mwandike tarehe. Ngojeni masika yapite. Mikoko huhitaji tope kidogo ili ipande pamoja na bahari inayoongezeka kina, lakini alama ikiwa imezikwa vidole vinne au vitano, pahali hapo pasipandwe mwaka huo.

Nauli ya kununulia miche itumieni kwenda Kinango, mkae na wafugaji wa huko. Wapo wanaojua kufunga malisho kwa zamu ili nyasi zitoe mbegu, na kupanda mistari ya nyasi kukingama mteremko. Waulizeni wanakosa nini: mbegu, waya wa uzio, au maji ya mifugo wakati malisho yamefungwa. Na vile vijiti vyenye alama, chukueni kimoja mwende nacho.