Tamaa, Hamu, Shauku na Uchu: Tuyatofautishe Darasani

Mwalimu mwenzangu, mtahiniwa akiandika kwamba Mzee Mago ana "tamaa" ya haki, amemhukumu mtetezi wa wanyonge bila kujua. Maneno ya kutaka hayana uzito mmoja. Hamu ni kutaka kusiko na lawama. Shauku ni hamu kubwa isiyoupa moyo utulivu. Uchu ni wa mwili, hasa wa chakula. Tamaa aghalabu hupita kiasi. Ndiyo maana katika "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed (2016), uchu wa Jitu mkahawani unaashiria tamaa ya wakubwa ya kuimeza ardhi ya Madongoporomoka.

Hata hivyo, tamaa pia ni tumaini: aliyekata tamaa hakuacha ulafi, amepoteza matumaini. Hapa Banissa, mwanafunzi anayezungumza Kisomali tayari analo neno damac, lenye asili moja ya Kiarabu na tamaa. Anzia hapo. Kisha mpe sentensi badala ya orodha ya visawe, naye ajiulize: nani anataka, anataka nini, na nani ataumia? Majibu hayo ndiyo yatakayomchagulia neno.