Nilikwenda Thimlich Kutafuta Kiti

Mimi ni fundi wa samani hapa Macalder: vitanda, sofa, kabati za vyombo. Biashara yangu inafuata machimbo. Mchimba dhahabu akibahatika Jumanne, Jumatano alfajiri yuko mlangoni anataka kitanda cha sita kwa sita. Akikosa, anapita ng'ambo ya barabara kama hanijui.

Juzi mzee mmoja aliniletea kom, kigoda cha Kijaluo cha miguu mitatu kinachochongwa kwenye gogo moja. Mguu ulikuwa umekatika. "Msumari usiguse hapa," akaniambia. Nikamuuliza, "Jaduong', wazee wa zamani walikuwa na vyombo gani nyumbani?" Akacheka. "Nenda Thimlich ukawaulize."

Thimlich Ohinga ni jirani yetu, humu humu Migori, na aibu yangu ni kwamba sikuwa nimefika hata siku moja. Nikapanda boda, nikalipa kiingilio. Ni makazi yaliyozungushiwa kuta za mawe, yanayodhaniwa kujengwa karne ya 16. Jamii moja ilihama, nyingine ikaingia, na kila iliyokuja ilirekebisha ilipobomoka. Serikali iliyatangaza kuwa mnara wa kitaifa mwaka 1981. Mwaka 2018 UNESCO ikayaweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Kiti sikukikuta. Mchwa na mvua havibakizi mti. Palipokuwa na nyumba pana mabonde ya duara tu, yameota nyasi. Niliwahi kutembelea nyumba ya mwandishi Karen Blixen kule Nairobi, iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, nikainama kuchungulia chini ya meza, ndiyo tabia mbaya ya mafundi. Hapa hapakuwa na meza ya kuchungulia.

Lakini jiwe halikuondoka. Ndani ya Kochieng, boma kubwa kuliko mengine, yapo mawe ya kusagia, tumbo limelika kwa mikono ya wanawake wasiohesabika. Niliingiza kiganja changu kikatulia kana kwamba palipimwa kwa ajili yangu. Upo pia mwamba uliotobolewa vishimo vya ajua, yaani bao. Hiyo kwangu ni samani kamili: meza isiyobebeka, wachezaji ndio wanaoifuata.

Kilichonikalisha chini, hata hivyo, ni ukuta wenyewe. Una kimo cha mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa wastani wa mita moja. Hauna saruji wala udongo wa kushikia. Dada aliyekuwa akitutembeza alituonyesha mahali palipofumuka: safu ya mawe nje, safu nyingine ndani, katikati vimeshindiliwa vijiwe vidogo vinavyozifunga pamoja. Mawe hayakuchongwa yalingane. Kila moja lilitafutiwa nafasi yake, likageuzwa mpaka likakaa. Juu ya malango, ambayo ni mafupi hata ukaingia umeinama, wamelaza mawe marefu kama mimi ninavyolaza boriti. Adui mkubwa wa ukuta huu ni mimea: mzizi ukipenya kati ya mawe mawili, unayasukuma taratibu mpaka yaanguke.

Kitanda changu cha kwanza kilikuwa na misumari 40 na kilivunjika kabla ya mwezi kwisha. Nilizilaumu mbao. Nikiwa nimesimama Kochieng nilikikumbuka kile kitanda, nikaona haya peke yangu.

Niliporudi karakana nilikishika kile kigoda. Nikatoboa tundu pale mguu ulipokatikia, nikachonga mguu mpya wenye ulimi, nikaupasua ulimi kichwani na kuupachika kabari nyembamba, ili ukigongwa utanuke humo humo ndani. Nilirudia mara tatu. Mara mbili za kwanza ulikuwa ukicheza.

Mzee alipokuja alikikalia, akajitikisa kushoto, akajitikisa kulia, akainama na kuchungulia chini. Kisha akaniuliza bei, na tukaanza kubishana.