Kura ya Mapema: Faida Zake na Hasara Zake

 

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo lililoanza na vidole. Jumapili iliyofuata uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 tulikutana na kikundi kimoja cha merigoraundi hapa Umoja. Kabla ya kuhesabu pesa, mama mwenyekiti akasema kwa utani, "Haya, kila mtu aonyeshe kidole." Alitaka kuona wino. Tulicheka, lakini kicheko kikaisha upesi, kwa maana watu watano hawakuwa na wino.

Mmoja ni muuguzi. Siku hiyo alikuwa kwenye zamu, mbali na kituo chake cha kura. Wa pili ni soja wa kulinda godauni. Yeye huingia kazini saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, siku kuu au siyo. Wa tatu ni kijana aliyepata kibarua cha karani wa kura, akapelekwa kituo ambacho jina lake halimo. Wawili waliobaki walikuwa wamejiandikisha nyumbani mashambani. Nauli ilipopanda, wakashindwa kusafiri.

Yule kijana akasema, "Mama, mimi nimepaka wino vidole vya watu wengi, lakini changu kimebaki kikavu."

Mama mwenyekiti akamjibu, "Pole, mwanangu. Kwani hawangekuacha upige yako siku moja mbele?"

Swali hilo si la kuchekesha. Kuna nchi ambazo hufanya hivyo hasa. Basi tuliangalie pole pole, faida na hasara, halafu ninyi wenyewe mjadiliane.

KURA YA MAPEMA NI NINI?

Kura ya mapema ni kupiga kura kabla ya siku yenyewe ya uchaguzi, kwa ruhusa ya sheria. Si kuamka saa tisa usiku kwenda kupanga foleni. Hiyo ni kuwahi tu, na tutaigusa mwishoni.

Hapa Kenya uchaguzi mkuu ni siku moja. Katiba ya 2010 inasema ni Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Kwa hesabu hiyo uchaguzi wa 2027 unaangukia tarehe 10 Agosti. Mtu hupiga kura katika kituo alichoandikishwa, si kingine. Ukiwa mbali siku hiyo, basi kura yako imepotea.

Jirani zetu wa Zanzibar wamefanya tofauti. Sheria yao ya uchaguzi ya mwaka 2018 iliruhusu askari, wasimamizi wa uchaguzi na wengine wenye kazi siku ya kura wapige siku moja mbele. Mwaka 2020 walipiga tarehe 27 Oktoba, na wananchi wengine tarehe 28.

Ghana nao wana utaratibu kama huo kwa askari, maofisa wa uchaguzi na waandishi wa habari. Mwaka 2024 hao walipiga tarehe 2 Desemba, siku tano kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 7. Afrika Kusini wanakwenda mbele zaidi: mgonjwa au mzee asiyeweza kutoka huomba mapema, na maofisa humfuata nyumbani kwake. Mwaka 2024 walifanya hivyo tarehe 27 na 28 Mei, kabla ya uchaguzi wa tarehe 29. Marekani, katika majimbo mengi, mtu yeyote anaweza kupiga mapema. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, watu zaidi ya milioni 100 walipiga kabla ya siku yenyewe, wengine kituoni na wengine kwa posta.

Kwa hiyo kuna kura ya mapema ya watu wachache wenye sababu, na kuna ile ya kila mtu. Tusizichanganye.

FAIDA ZAKE

1. Wanaotutumikia nao wanapata haki yao. Hebu tufanye hesabu kidogo. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na vituo vya kura zaidi ya 46,000. Kila kituo kinataka msimamizi, makarani na askari. Tukiweka watu watano tu kwa kila kituo, hao ni watu 230,000. Sasa sikilizeni. Katika kura ya urais mwaka ule, aliyeshinda alipata kura 7,176,141 na aliyemfuata 6,942,930. Tofauti ni kama 233,000. Hatusemi kwamba makarani na askari wote walikosa kupiga, wala kwamba wangepiga upande mmoja. Tunasema tu kwamba watu wanaosimamia uchaguzi si wachache. Na hapo bado hatujahesabu wauguzi, masoja na madereva.

2. Wanyonge hawasukumwi. Mama mjamzito, mzee wa fimbo na mgonjwa wanapumua. Ni kweli kwamba hata leo watu hawa wana haki ya kupitishwa mbele ya foleni. Lakini ni lazima kwanza wafike kituoni.

3. Makosa yanaonekana kukiwa bado na nafasi. Mnakumbuka Mombasa na Kakamega? Tarehe 8 Agosti 2022, siku moja tu kabla ya kura, Tume ya Uchaguzi ilisimamisha uchaguzi wa magavana wa kaunti hizo mbili, kwa sababu karatasi za kura zilikuwa na makosa kwenye picha na maelezo ya wagombea. Wananchi wakapiga kura ya gavana tarehe 29 Agosti. Pengine kama masanduku yangefunguliwa siku chache mbele kwa watu wachache, kosa lingejulikana mapema zaidi.

HASARA ZAKE

1. Sanduku linalala. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Wazee wetu mtakumbuka kwamba zamani kura hazikuhesabiwa kituoni. Masanduku yalipakiwa kwenye magari yakapelekwa makao ya eneo bunge, na nani alijua yaliyotokea njiani? Mwaka 1997, kwa sababu ya mvua na vifaa vilivyochelewa, kura iliyokuwa ya tarehe 29 Desemba ikasongezwa mpaka tarehe 30 sehemu nyingi, na manung'uniko yakawa mengi. Tangu 2002 kura zinahesabiwa pale pale kituoni, mbele ya mawakala wa vyama. Siku hizi Fomu 34A hubandikwa ukutani kila mtu asome. Hiyo ni haki tuliyoipata kwa jasho. Kura ya mapema inarudisha lile swali la zamani: sanduku limelala wapi, na nani alikesha nalo?

2. Siri inaweza kuvuja. Wengi wenu mlipanga ule mlolongo wa 1988, wa kusimama nyuma ya mtu wako huku chifu anatazama. Mlijua maana ya kukosa siri. Sasa fikirini askari kumi na wawili wamepiga kura mapema, kisha kura zao zikahesabiwa peke yake na kubandikwa ukutani. Mkubwa wao atajua walivyopiga. Dawa yake ni kuzichanganya kura hizo na zile za wananchi kabla ya kuhesabu.

3. Mambo yanabadilika baada ya wewe kupiga. Marekani, mwaka 2020, chama cha Democratic kilikuwa kikichagua mtu wake wa kugombea urais. Pete Buttigieg alijitoa tarehe 1 Machi na Amy Klobuchar tarehe 2 Machi. Tarehe 3 Machi majimbo 14 yakapiga kura. Waliokuwa wamewapigia mapema, kura yao ilibaki kwa mtu ambaye hayumo tena. Na hapa kwetu, katika uchaguzi wa marudio wa 2017 uliowekwa tarehe 26 Oktoba, Raila Odinga alitangaza tarehe 10 Oktoba kwamba anajitoa. Kwetu mambo hugeuka hata usiku wa mwisho. Na kura ikishaingia sandukuni haitoki.

4. Gharama na kuaminiana. Siku mbili ni posho mara mbili, ulinzi mara mbili, mawakala mara mbili. Mgombea maskini atalipa mawakala wa siku ya pili na nini? Na mahali ambapo watu hawaaminiani, siku ya ziada ni ugomvi wa ziada. Zanzibar mwaka 2020 chama cha ACT-Wazalendo kiliipinga kura ya mapema. Mgombea wake, Maalim Seif Sharif Hamad, alikamatwa na polisi siku ile ile ya tarehe 27 Oktoba alipokwenda kituoni akitaka kupiga kura. Sheria inaweza kuwa na nia njema, lakini wananchi wasipoiamini, inazaa hofu.

SISI TUNAONAJE?

Tumelijadili jambo hili na vikundi vya hapa Umoja, na maoni yetu ni haya. Kura ya mapema ya kila mtu, kama ya Marekani, kwetu bado. Hatujafika mahali pa kuliacha sanduku lilale siku nyingi na sisi tupate usingizi. Lakini kumwambia karani asimamie kura za watu mia saba huku yake ikipotea, hiyo nayo si haki. Kwa hiyo tunaona ingefaa kuwe na kura ya mapema ya wachache, kwa masharti manne:

- Siku moja tu mbele, si zaidi.
- Orodha ya watakaopiga ibandikwe wazi, na majina yao yafungwe katika daftari la siku ya pili ili mtu asipige mara mbili.
- Sanduku lifungwe kwa lakiri zenye namba, mawakala wa pande zote waandike namba hizo, na walale nalo wakitaka.
- Kura zichanganywe na za wananchi kabla ya kuhesabiwa.

Sharti moja likikosekana, afadhali tubaki na siku yetu moja. Hiyo ni kazi ya Bunge, na mbunge wenu ana masikio. Mkimpata kwenye mkutano, mwulizeni.

KWA SASA TUFANYE NINI?

Sheria haijabadilika, basi tusikae tukingoja. Kuna mapema ambayo iko mikononi mwetu.

Kwanza, jiandikishe pale utakapolala usiku wa kuamkia kura. Wazazi, hapa tunawasihi. Mnawaambia vijana wenu walio Nairobi, "Kura ni ya nyumbani, mwanangu." Tunaelewa, kila mtu anapenda kumsaidia mtu wa kwao. Lakini kijana anayeishi Umoja anakunywa maji ya Umoja na kuruka maji taka ya Umoja. Diwani wake na mbunge wake wa Embakasi Magharibi ndio wanaopaswa kumjibu. Akijiandikisha nyumbani na akose nauli, mmepoteza kote kuwili. Kama ana uhakika wa kusafiri, sawa. Kama hana, ahamishie kura huku. Aende na kitambulisho kwenye ofisi ya Tume ya eneo bunge. Hatozwi hata shilingi. Asingoje dakika ya mwisho, kwa sababu daftari hufungwa kabla ya uchaguzi.

Pili, anayesafiri aondoke siku mbili tatu mbele. Kikundi kinaweza kuanza kuweka akiba ya nauli tangu sasa, kidogo kidogo, kama tunavyoweka ya karo.

Tatu, mwenye kazi ya zamu aongee na mkubwa wake na wenzake wiki kadhaa kabla, ili wabadilishane saa. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Soja wa zamu ya usiku anaweza kupiga asubuhi akitoka, ikiwa kituo kiko njiani.

Nne, juu ya kuamka usiku wa manane. Huku kwetu tumeona foleni imezunguka shule tangu kabla ya mapambazuko, halafu mchana kumetulia. Kuwahi ni kuzuri, kwa maana kama jina lako lina tatizo utapata muda wa kulitatua. Lakini mzee au mama mwenye mtoto hana haja ya kukesha kwenye baridi. Jambo la maana ni kuwa kwenye foleni kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukiwa umo saa hiyo ikigonga, una haki ya kupiga hata giza likiingia. Usikubali kufukuzwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni nani alikosa kupiga kura mwaka 2022, na kwa sababu gani? (Msimcheke mtu.)
2. Je, kura ya mapema ingemsaidia huyo, au shida yake ni mahali alipojiandikisha?
3. Sanduku likilala kijijini kwetu usiku mmoja, ni watu gani tungewaamini kulilinda? Kwa nini hao?
4. Watoto wetu walio mjini wamejiandikisha wapi? Nani atawauliza, na lini?

Andikeni mliyokubaliana kwenye kitabu cha kumbukumbu, kisha mtuletee nakala. Yule kijana wetu karani amekwisha kuhamisha kura yake. Anasema akiitwa tena kazini, jambo la kwanza atakalouliza si posho, ni kituo gani. Mama mwenyekiti naye ameahidi kwamba mkutano wa kwanza baada ya uchaguzi ujao, vidole vitakaguliwa tena.