Mtu mmoja zaidi, na Isiolo ingekuwa namba tasa

Sensa ya mwaka 2019 iliikuta Kaunti ya Isiolo ikiwa na watu 268,002. Miaka kumi kabla yake walikuwa 143,294. Wapangaji wa shule na visima wanatazama ukubwa wa ongezeko hilo. Mwanahisabati ana swali lake: namba hizi zinagawanyika vipi?

Tuichukue ya 2019. Inaishia na 2, kwa hiyo ni shufwa, na nusu yake ni 134,001. Tarakimu za nusu hiyo ukizijumlisha unapata 9, basi inagawanyika kwa 9: inabaki 14,889. Tarakimu za hiyo nazo zinafika 30, kwa hiyo 3 inaingia tena, tunabaki na 4,963. Hapo 3 inagoma, 5 inagoma, 7 inakubali: 7 × 709. Na 709 ni namba tasa, haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa hiyo:

268,002 = 2 × 3 × 3 × 3 × 7 × 709

Namba hii ina vigawo 32. Ukivijumlisha vyote, ukiiacha yenyewe, unapata 413,598, zaidi ya namba uliyoanza nayo. Nicomachus wa Gerasa, mji ulioko Jordan ya leo, alizipanga namba shufwa katika mafungu matatu yapata mwaka 100 BK: zenye ziada, pungufu, na kamilifu kama 6, ambayo ni 1 + 2 + 3. Isiolo ya 2019 iko kwenye ziada. Ya 2009 ni pungufu: 143,294 ni 2 × 71,647, na 71,647 ni tasa, hivyo vigawo vyake vingine ni 1, 2 na 71,647 tu.

Sasa mhesabu mtu mmoja zaidi: 268,003. Vigawo 32 vinayeyuka, vinabaki viwili. Namba hiyo ni tasa. Kulithibitisha hilo si lazima kujaribu kila namba. Kwa kuwa 518 × 518 inazidi 268,003, kama ingekuwa na vigawo zaidi ya 1 na yenyewe, kimoja kingekuwa chini ya 518. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni 97, kuanzia 2 hadi 509, na kila moja inaacha baki.

Kujumlisha 1 ni hesabu ya mtoto wa chekechea, lakini kunavuruga kabisa mpangilio wa kuzidisha. Kuzidisha nako kuna ugumu wake: kuunganisha namba tasa ni rahisi, kuzitenganisha ni kazi. Juu ya ugumu huo Rivest, Shamir na Adleman walijenga RSA, mfumo wa kuficha ujumbe, mwaka 1977. Namba zake leo huwa na tarakimu 617 hivi. Ya Isiolo, yenye tarakimu sita, kalamu na karatasi vinatosha.